Barafu ya Mtaa wa St. Botolph: Taarikh ya Ukumbi wa Matthews

Kabla ya paa

Kwa sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa watu wa Boston, mji mkuu wa jimbo la Massachusetts katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, waliijua barafu kama watu wa Pemba waijuavyo karafuu, yaani kitu chenye msimu wake, huvunwa, hutiwa ghalani, kisha hupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa mbali. Frederic Tudor, tajiri wa mji huo, alipeleka shehena yake ya kwanza kisiwani Martinique mwaka 1806 huku wenziwe wakimdhania amepungukiwa na akili. Na mwaka 1833 barafu yake ikafika Calcutta, baada ya miezi minne ya safari, ikiwa ni vipande vilivyokatwa katika maziwa ya Massachusetts na kuzungushiwa vumbi la mbao visiyeyuke. Ni jimbo hilo hilo ambalo merikebu zake, hasa zile za bandari ya Salem, ziliiletea Unguja ya Seyyid Said ile nguo ambayo wazee wetu waliiita amerikani, zikarejea kwao na pembe za ndovu na sandarusi.

Basi si ajabu kwamba watu waliozoea kuitafutia barafu soko waliitafutia na mchezo. Vijana wa Boston walikuwa wakishuka mabwawani wakati wa kipupwe, wamevaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, kila mmoja na gongo lake, wakikimbiza mpira kwa ghasia nyingi na sheria chache. Mchezo uliokwisha pata nidhamu yake Kanada, wa kisahani cha raba ngumu chenye upana wa inchi 3 na unene wa inchi 1, ukaenea katika vyuo vyao, na tarehe 19 Januari 1898 wanafunzi wa Harvard wakapambana na wa Brown katika uwanja wa Franklin, chini ya mbingu tupu. Lakini barafu ya bwawani haina amana. Jua likiwaka siku mbili mchezo umeahirishwa, theluji ikianguka mchezo umefukiwa, na mwenye kuuza tiketi hawezi kuahidi lolote. Aliyetaka kuufanya mchezo huu kuwa shughuli ya kudumu alilazimika kwanza kuumiliki ubaridi wenyewe.

1909 hadi 1918: jumba la tamasha

Kazi ya kuchimba msingi wa ukumbi wetu ilianza tarehe 11 Oktoba 1909 katika mtaa wa St. Botolph, karibu na barabara ya Massachusetts, upande wa mji uliokuwa ukikua kwa kasi na kwa majivuno. Ukumbi wa muziki wa Symphony ulikuwa umesimama jirani tangu mwaka 1900. Jumba la opera lilikuwa linamalizika mwaka huo huo katika barabara ya Huntington. Na hatua chache kutoka hapo ndipo ulipokuwa uwanja wa besiboli uliochezewa fainali ya kwanza ya mabingwa wa ligi mbili mwaka 1903. Ardhi yote hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa zamani vinamasi na matope ya maji kujaa na kupwa, ikajazwa kifusi kwa miaka mingi, na majengo yake yakasimamishwa juu ya magogo yaliyopigiliwa chini mpaka yakakamata udongo mgumu. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa ardhi husamehe kwa muda mrefu lakini haisahau.

Wachora ramani walikuwa Funk na Wilcox, wa mji huo huo, nao walitoa jengo la matofali lenye tao kubwa mlangoni. Ama hazina ya jengo hilo ilikuwa chini ya miguu. Katika viwanja vya namna hii hulazwa mabomba ya chuma kwa maelfu ya futi, na ndani yake husukumwa maji ya chumvi yaliyopozwa kwa amonia. Maana maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu, huweza kuwa baridi kupita barafu na bado yakatiririka. Juu ya mabomba hayo hunyunyizwa maji safi, tabaka baada ya tabaka, kila moja likingojewa ligande ndipo linyunyizwe jingine, mpaka upatikane uso mgumu, mwembamba na mweupe. Mwenye kuona haraka akamwaga maji mengi kwa mara moja hupata barafu yenye mapovu na nyufa, inayovunjika chini ya chuma. Aliyewahi kuingia hoteli ya Panari jijini Nairobi, palipofunguliwa uwanja mdogo wa barafu mwaka 2005, ameuona ufundi wa ukoo huo huo, na pengine amesikia mitambo ikinguruma kwa mbali kama kinu kisichopumzika.

Boston Arena, ndivyo lilivyoitwa, lilifunguliwa tarehe 16 Aprili 1910 kwa tamasha la barafuni, katika mwezi ambao mabwawa yote ya mji yalikuwa yamekwisha yeyuka. Na kwa kufungua wakati huo wenye jengo walikuwa wametangaza biashara yao bila ya haja ya maneno. Tangu hapo vyuo vya mji na shule zake za sekondari vikahamishia michezo yao ndani. Wanasiasa nao wakagundua kwamba mahali panapowatosha watazamaji wa mchezo panawatosha wapiga kura, na katika miongo iliyofuata Theodore Roosevelt, Franklin Roosevelt na John Kennedy wote walihutubia humo.

Miongoni mwa waliopita katika barafu ile ya awali hakuna aliyependwa kama Hobart Baker, aliyejulikana kwa jina la Hobey, mwanafunzi wa Princeton, ambaye watazamaji walisema alikimbia na kisahani bila ya kukitazama. Mwezi Januari 1914 alikuja na wenziwe kucheza na Harvard, na mchezo ukaendelea katika muda wa nyongeza hata pumzi zikaisha, Harvard wakashinda 2 kwa 1. Vita Kuu ilizuka Ulaya, baadaye Marekani nayo ikaingia, na Baker akawa rubani Ufaransa.

Desemba 1918

Tarehe 18 Desemba 1918, mwezi mmoja na siku chache tu baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, moto ulizuka katika jumba la St. Botolph na kuliteketeza vibaya. Siku tatu baadaye, tarehe 21, Baker aliingia katika ndege iliyotoka kutengenezwa, huko Toul, hali amekwisha pewa karatasi zake za kurejea nyumbani. Injini ikazimika hewani, akaanguka, akafariki akiwa na umri wa miaka 26. Mambo haya mawili hayana sababu moja, wala sidai kuwa yanayo. Lakini kwa wapenzi wa mchezo ule mjini Boston juma hilo lilikuwa la msiba juu ya msiba, na jina la Baker litarejea tena katika hadithi hii baada ya miaka mia moja.

Jengo halikuachwa gofu. Matofali yaliyosalia yakatumika, paa na viti vikaundwa upya, roshani ikajengwa ikining'inia karibu mno na barafu kiasi cha mtazamaji wa mstari wa mbele kuweza kusikia vyuma vikikwaruza na wachezaji wakitweta. Na baada ya miaka ipatayo miwili milango ikafunguliwa tena. Roshani ile ndiyo iliyolipa jumba sura yake. Kelele hazikuwa na pa kutokea, zilipiga paa zikarudi.

1924 hadi 1928: Bruins waja, Bruins waondoka

Charles Adams alikuwa mwenye maduka ya vyakula, mtu aliyeanzia chini akapanda. Mwaka 1924 alishuhudia fainali za Kombe la Stanley kule Montreal, akarudi na azma ya kuileta Boston timu ya kulipwa. Na ligi kubwa ya mchezo huo, iliyokuwa ya Kanada peke yake, ikamkubalia. Ndivyo ilivyopatikana Bruins, timu ya kwanza ya Marekani katika ligi hiyo, ikavishwa rangi za maduka ya tajiri wake, hudhurungi na dhahabu, na kukabidhiwa kwa Art Ross awe mkufunzi. Adams hakuwa na uwanja wake. Akapanga Boston Arena.

Tarehe 1 Desemba 1924 Bruins walicheza mchezo wao wa kwanza humo, dhidi ya Maroons wa Montreal ambao nao walikuwa wageni katika ligi, wakashinda 2 kwa 1, kwa mabao ya Fred Harris na Carson Cooper. Furaha ile haikudumu: katika michezo 30 ya msimu walishinda 6 na kushindwa 24. Hata hivyo watu wa mji walikuwa wameonja, na mwaka 1926 alipofika Eddie Shore, beki mkali ambaye wengine walimwendea kumshangilia na wengine kumzomea, viti vikawa havitoshi. Aprili 1927 fainali za Kombe la Stanley zilianzia katika barafu ya St. Botolph, na Ottawa ndio waliolichukua kombe.

Hapa ndipo penye mgeuko wa kwanza mkubwa wa historia yetu, na uliletwa na kufanikiwa. Laiti Bruins wangebaki timu dhaifu wangebaki wapangaji. Lakini umati ulizidi jumba, na kule kaskazini ya mji, juu ya stesheni ya treni, likajengwa Boston Garden, lenye kuchukua watu zaidi ya 13,000. Novemba 1928 lilifunguliwa, na Bruins wakahama. Jumba la mtaa wa St. Botolph, lililokuwa na umri wa miaka 18 tu, likawa la pili katika mji wake, na likabaki la pili kwa muda wote uliofuatia.

1928 hadi 1952: baba na mwana

Kilicholiokoa ni kwamba jumba la pili lina nafasi ambazo jumba la kwanza halina. Garden lilikuwa la matajiri na ligi kubwa. Arena likawa la kila mtu mwingine. Asubuhi walikuja wanafunzi wa sekondari kwa mazoezi, jioni vyuo, usiku mabondia, na siku za katikati wenye maonyesho. Mwaka 1929 chuo kidogo cha jirani, Northeastern, kilichozaliwa mwaka 1898 kama madarasa ya jioni ya jumuiya ya vijana Wakristo wa YMCA, kilianzisha timu yake ya barafuni na kuomba saa zake humo pamoja na wengine. Hakuna aliyedhani kwamba mpangaji huyu mnyonge ndiye atakayekuja kuwa mrithi.

Msimamizi wa jumba alikuwa George Brown, ambaye watu wa Boston walimjua pia kama mtu wa kuwaanzisha wakimbiaji wa marathoni ya mji wao. Alipofariki mwaka 1937 kazi ikamwangukia mwanawe Walter, aliyesimamia Arena na Garden pamoja, na ambaye usiku na mchana aliumizwa na swali moja: ukumbi usio na mchezo wa barafu jioni hii utajazwa na nini? Jibu lake la mwaka 1946 lilikuwa mpira wa kikapu. Akaunda timu, akaiita Celtics.

Mchezo wao wa kwanza nyumbani ulifanyika Arena, tarehe 5 Novemba 1946, kwa kuwa Garden siku hiyo lilikuwa na maonyesho ya wapanda farasi na mafahali. Kabla ya kuanza, mchezaji mrefu wa Celtics, Chuck Connors, alitupa mpira wa kujipasha moto, ukapiga pete, na ubao wa kioo ukapasuka ukamwagika sakafuni kama chai iliyopinduka. Watu wakaketi wakingoja. Ilibidi ubao mwingine uletwe kutoka Garden, ukafungwa, na saa ilipokuwa imekwenda sana mchezo ukaanza. Stags wa Chicago wakashinda 57 kwa 55. Connors baadaye aliuacha mpira akawa mwigizaji mashuhuri wa sinema za wapanda farasi. Celtics wakawa timu ya mabingwa wengi kuliko nyingine katika zama zao.

Jibu jingine la Walter Brown lilikuwa dogo zaidi kwa sura, na kwa maoni yangu ndilo lililoacha alama kubwa zaidi. Siku za baada ya Krismasi ukumbi ulikuwa mtupu. Mwaka 1952, tarehe 26 na 27 Desemba, vyuo vinne vya mji, yaani Harvard, Chuo Kikuu cha Boston, Boston College na Northeastern, vilialikwa kushindania kombe lenye umbo la chungu cha kupikia maharage, kwani maharage ya kuokwa ni chakula ambacho Boston hutaniwa nacho na Wamarekani wote. Harvard wakalichukua. Mwaka 1954 mashindano yakahamia Garden, tena kwa sababu ile ile ya watu kuzidi viti. Na hadi leo Jumatatu mbili za Februari za mashindano hayo ya chungu, yaitwayo Beanpot, ni siku ambazo mji huo hugawanyika nyumba kwa nyumba. Kila jambo lililoota vizuri katika jumba hili lilipandikizwa kwingine.

1953 hadi 1979: miaka ya uchovu

Katika miaka ya 1950 jumba lilipita mikononi mwa serikali ya jimbo, nayo ikalitunza kama serikali zitunzavyo kitu ambacho hakuna mkubwa anayekitumia. Tarehe 3 Mei 1958 Alan Freed alileta humo onyesho lake la muziki mpya wa roki, pamoja na Chuck Berry, Jerry Lee Lewis na Buddy Holly. Taa zikawashwa katikati ya onyesho, kukawa na fujo nje, Freed akashtakiwa kwa kuchochea ghasia, na meya John Hynes akayapiga marufuku maonyesho kama hayo. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini yalikuwa yamekwisha mfilisi mtu. Jumba la opera la jirani lilibomolewa mwaka huo huo. Mwaka 1970 kundi la The Doors lilipiga muziki Arena mpaka umeme ukakatwa usiku wa manane.

Lakini pigo la hakika halikutoka kwa wanamuziki. Vyuo vilianza kujijengea barafu zao: Harvard mwaka 1956, Boston College mwaka 1958, na Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1971, nacho kikauita uwanja wake kwa jina la Walter Brown, aliyekuwa amefariki mwaka 1964. Mmoja baada ya mmoja wapangaji wa miaka arubaini walichukua magongo yao wakatoka. Msimu wa 1972 hadi 1973 timu ya kulipwa ya Whalers, ya ligi mpya iliyotaka kushindana na ile kubwa, ilicheza sehemu ya michezo yake humo, kisha nayo ikaenda zake. Waliobaki ni wanafunzi wa sekondari na Northeastern, chuo ambacho hakikuwa na fedha ya kujijengea kwingine, kikiwa na mkufunzi Fernie Flaman, beki wa zamani wa Bruins, aliyeishika timu mwaka 1970 na kuifundisha kwa miaka 19 chini ya paa lile lile.

1979 hadi 2024: mpangaji amiliki

Mwaka 1979 Northeastern ilinunua jumba. Sababu zilikuwa wazi kabisa: chuo kilikuwa kimepanuka hata kuta zake zikakutana na mtaa wa St. Botolph, kilihitaji ukumbi wa michezo na wa mahafali, na kujenga mpya kungegharimu zaidi. Naamini pia kulikuwa na jambo la moyo ndani yake. Chuo kilichokuwa kikikodi saa za barafu kwa nusu karne kilipata nafasi ya kufunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Kikatengeneza viti, mabomba na taa, na mwaka 1982 jumba likapewa jina la Matthews, kwa heshima ya George Matthews, mhitimu wa chuo hicho, na mkewe Hope.

Kana kwamba milki ile iliwatia nguvu, Februari 1980 vijana wa Flaman walilichukua kombe la chungu kwa mara ya kwanza, baada ya kulikosa tangu mwaka 1952, kwa bao la Wayne Turner katika muda wa nyongeza dhidi ya Boston College. Walilichukua tena mara tatu katika muongo huo, kisha ukafuata ukame wa miaka 30.

Wakati wanaume wakiwa katika ukame, wanawake ndio walioitunza heshima ya barafu ile. Tuzo ya Patty Kazmaier, ipewayo mchezaji bora wa kike wa vyuo vyote vya Marekani, ilikwenda kwa Brooke Whitney mwaka 2002, kwa Kendall Coyne mwaka 2016 na kwa mlinda lango Aerin Frankel mwaka 2021, wote watatu wa Northeastern. Na mwaka huo wa 2021 timu yao ilifika fainali ya taifa ikashindwa na Wisconsin 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Ukumbi uliojengwa zama ambazo mwanamke wa Massachusetts hakuwa na kura ya kumchagua rais ukawa mahali ambapo wasichana walifanya mazoezi yao ya alfajiri, na ninaona fahari kuyaandika haya.

Wanaume walizinduka mwaka 2018 walipochukua chungu, wakakichukua tena 2019 na 2020. Mwaka huo wa 2018 mshambuliaji wao Adam Gaudette alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa kiume wa vyuo. Tuzo hiyo huitwa kwa jina la Hobey Baker. Karne moja kamili ilikuwa imepita tangu yule rubani aanguke Toul na jumba liungue, na kijana aliyejifunza kuteleza katika zama nyingine kabisa aliipokea tuzo ile akiwa mwenyeji wa barafu aliyoitelezea Baker.

Katika miaka hiyo Garden, lile jumba kubwa lililomnyang'anya mwenziwe Bruins na chungu, lilifungwa mwaka 1995 na kubomolewa mwaka 1998. Lile la pili lilikuwa bado lina nafasi 4,666 za kukaa, na sehemu ya wanafunzi waliojipaka rangi nyekundu na nyeusi wakiruka juu ya mbao za roshani mpaka zikatetema.

2025: ardhi yadai

Mbao zilitetema kwa sababu nyingine pia. Kifusi cha karne ya kumi na tisa, ambacho tulikitaja mwanzo, hakikuacha kushuka. Jengo lilikuwa likididimia na misingi yake imechoka, na chuo, baada ya kulipima, kilieleza kwamba haliwezi kutengenezwa likawa salama. Mwaka 2024 kikatangaza azma ya kulibomoa na kusimamisha mahali pake jengo jipya la michezo, lenye barafu, linalotarajiwa kufunguliwa mwaka 2028. Wapo waliopinga, na sikubaliani na wanaowaita wapinzani hao watu wa huzuni tupu. Mtu akikuambia kwamba anataka kubaki na ukuta ambao babu yake alisimama nyuma yake mwaka 1924, hakuombi upuuzi.

Tarehe 13 Desemba 2025 timu ya wanaume ya Northeastern ilicheza humo kwa mara ya mwisho, na mgeni aliyeteuliwa ni Chuo Kikuu cha Boston, mmoja wa wale wapangaji wanne wa chungu cha kwanza, aliyetoka miaka 54 kabla. Kipenga cha mwisho kilipopigwa mitambo ilikuwa bado ikinguruma chini ya sakafu.